Gari kuukuu halina kosa, kosa ni kukosa daftari

Katika wilaya za Same na Mwanga, gari jipya lililotoka kiwandani huonekana zaidi kwenye barabara kuu, likipita kasi kuelekea Moshi na Arusha. Magari yanayopanda Mbaga, Suji, Mamba, Usangi na Ugweno ni ya aina nyingine. Ni Land Rover za miaka mingi, pikapu za Toyota zilizokwishabadilishwa injini, Noah na Probox zilizotumika kwanza Japani, pamoja na Canter na Fuso zinazoshusha tangawizi, ndizi na maharage kutoka milimani.

Magari hayo ndiyo yanayounganisha shamba na soko. Bila hayo, tangawizi ya Mamba Myamba haifiki Same, na mpunga wa Ndungu na Kihurio hauwafikii walaji wa mjini. Kwa hiyo hakuna sababu ya kumcheka mkulima au mfanyabiashara mdogo anayeendesha mkweche. Kwa kipato chake, mara nyingi ndiyo njia pekee ya kumiliki chombo cha usafiri.

Swali gumu ni lini gari hilo liachwe na kununuliwa lingine. Wenye magari wengi hulijibu kwa njia mbili, na zote zina hasara. Wapo wanaong'ang'ania gari mpaka life njiani katikati ya mavuno. Wapo pia wanaoliuza kwa hasira siku wanapopokea bili kubwa ya gereji, kisha wanaingia kwenye deni la gari jingine ambalo kazi zao haziwezi kulilipa.

Umri wa gari peke yake hautoi jibu. Fedha zilizokwisha kutumika hazitoi jibu pia. Jibu linatokana na kulinganisha gharama ya kubaki na gari la zamani mwaka ujao na gharama ya kila mwaka ya gari litakaloshika nafasi yake. Wahenga walikwishasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na gari ni mali inayopotea kimyakimya kuliko nyingine nyingi.

Yalikotoka magari ya mitumba

Ikumbukwe kwamba hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupata gari nchini ilikuwa kazi ngumu hata kwa mwenye fedha. Mwaka 1984 Serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa zilikopatikana. Hapo ndipo pikapu na magari madogo yaliyotumika yalipoanza kuingia kwa wingi na kufika hadi vijijini.

Sehemu kubwa ya magari hayo hutoka Japani. Sheria za huko hulazimisha gari dogo la binafsi kukaguliwa miaka 3 baada ya kununuliwa jipya, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo una gharama. Wajapani wengi huona heri kuuza mapema. Gari linaloonekana limechoka Japani bado lina miaka mingi ya kazi Tanzania, mradi lipate matunzo.

Nchi jirani zimeweka mipaka ya umri. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, ilipiga marufuku magari ya miaka 15 na zaidi. Tanzania haikufuata njia ya marufuku. Inaongeza ushuru wa bidhaa kwa magari yenye umri mkubwa, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18.

Maana yake kwa mnunuzi ni kwamba gari la zamani sana linaloonekana rahisi kwenye picha kutoka Japani si rahisi tena likishafika bandarini Dar es Salaam. Gari lililokwishalipiwa kodi, lililotunzwa na mtu anayefahamika, na ambalo fundi wa Same analijua ndani na nje, linaweza kuwa bora kuliko la umri uleule linaloshuka melini leo.

Jambo jingine la kuangalia ni namba. Siku hizi watu huulizana kama gari ni "namba C" au "namba D", wakidhani herufi hiyo inaonyesha umri. Herufi hiyo inaonyesha tu kipindi gari liliposajiliwa Tanzania. Gari la namba D linaweza kuwa lilitengenezwa miaka kadhaa kabla ya lile la namba B. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi ya gari, na hapo ndipo pa kusoma.

Mlima huzeesha gari kuliko miaka

Gari linalokwenda Same hadi Moshi kwa lami haliwezi kupimwa kwa kipimo kimoja na linalopanda Makanya hadi Suji, au Mwembe hadi Mbaga. Kilometa 20 za mlima hutumia gia ndogo muda wote, huchosha klachi wakati wa kupanda na humaliza breki wakati wa kushuka. Mawe huvunja springi na kula bushi. Joto la tambarare ya Same nalo humaliza rejeta iliyoziba.

Barabara inayozunguka nyuma ya milima kupitia Kisiwani, Maore na Ndungu hadi Mkomazi kwa miaka mingi imewatesa wenye magari, kiangazi kwa vumbi na masika kwa matope. Mwenye gari anayefanya kazi upande huo asishangae spea zake kuisha mapema kuliko za mwenzake wa Hedaru au Makanya anayetumia barabara kuu.

Hata hivyo, spea zote si dalili ya uzee. Tairi, pedi za breki, klachi, bushi, shokapu na betri ni vitu vya kuisha, hata kwenye gari la mwaka jana. Mwenye gari anayebadilisha tairi 4 na klachi katika mwezi mmoja huumia mfukoni, lakini gari lake halijafa. Amelipia kwa mara moja kazi ya miaka miwili iliyopita.

Dalili za kweli za uzee ni nyingine: chesisi iliyopasuka na kuchomelewa zaidi ya mara moja, injini inayokunywa oili kila wiki, maji na oili vinavyochanganyika, bodi iliyoliwa na kutu hadi kwenye mihimili, hitilafu ileile inayorudi kila baada ya miezi miwili, na spea inayotafutwa Same, Moshi na Kariakoo bila kupatikana. Dalili mbili au tatu za namna hiyo zikikutana, ni wakati wa kukaa chini na kufanya hesabu.

Pikapu moja, majibu mawili

Mfano wa hesabu ni huu. Pikapu ya dizeli inaweza kuuzwa leo kwa shilingi milioni 6, na mwaka ujao itauzwa milioni 5. Mwenye pikapu anafikiria kununua nyingine, nayo pia iliyotumika, kwa shilingi milioni 24. Ya zamani hutumia lita 1 kwa kilometa 7, ya pili lita 1 kwa kilometa 10. Lita ya dizeli inahesabiwa kwa shilingi 3,000. Siku moja ya kazi huacha shilingi 60,000 baada ya kulipa mafuta na dereva.

Mwenye pikapu wa kwanza ni mfanyabiashara anayekwenda kilometa 21,000 kwa mwaka, akinunua mazao milimani na kuyapeleka mjini. Akibaki na pikapu ya zamani, itashuka thamani kwa shilingi milioni 1. Spea na ufundi vitamgharimu milioni 3. Siku 30 za kulala gereji zitamkosesha milioni 1.8. Mafuta yatakayozidi yale ya pikapu ya pili ni lita 900, sawa na milioni 2.7. Jumla ni shilingi milioni 8.5.

Akinunua ya pili na kuitumia miaka 5, kisha akaiuza milioni 14, itakuwa imeshuka milioni 2 kila mwaka. Matengenezo yatakuwa milioni 1.5, na siku 8 za kulala zitamkosesha shilingi 480,000. Ataongeza mtaji wa milioni 18 juu ya zile 6 za pikapu aliyouza. Kwa riba ya asilimia 15, hiyo ni milioni 2.7 kwa mwaka. Jumla ni shilingi milioni 6.68. Mfanyabiashara huyo anapoteza zaidi ya shilingi milioni 1.8 kwa mwaka kwa kung'ang'ania pikapu ya zamani, ingawa haoni zikitoka.

Mwenye pikapu wa pili ni mkulima mwenye pikapu ileile, anayekwenda kilometa 7,000 tu kwa mwaka kubeba mbolea, mazao yake na ya majirani. Kwake kushuka thamani ni milioni 1, matengenezo milioni 1.2, siku 10 za kulala shilingi 600,000, na mafuta yanayozidi ni lita 300, sawa na shilingi 900,000. Jumla ni milioni 3.7.

Akinunua ile ya milioni 24 na kuiuza milioni 15 baada ya miaka 5, itamshushia milioni 1.8 kwa mwaka. Matengenezo ni shilingi 600,000, siku 3 za kulala ni 180,000, na riba inabaki ileile milioni 2.7 hata gari lisipotembea. Jumla ni shilingi milioni 5.28. Huyu akibadilisha gari anajitia hasara ya zaidi ya milioni 1.5 kila mwaka.

Gari ni moja na umri ni mmoja, lakini majibu ni mawili. Kilichotofautisha ni kazi. Kila mtu aweke tarakimu zake mwenyewe mahali pa hizi za mfano, kwa sababu bei za magari hubadilika, na bei ya mafuta hutangazwa na EWURA kila mwezi, tena kwa kila eneo.

Wengine watauliza kwa nini riba ihesabiwe hata kwa anayelipa fedha taslimu. Sababu ni kwamba milioni 18 zilizolala kwenye gari zingeweza kununua pembejeo, mbuzi au bidhaa za duka. Fedha ya mfukoni nayo ina kazi nyingine iliyoiacha.

Hesabu hiyohiyo inaweza kutoa jibu la tatu, kwamba mtu hahitaji gari kabisa. Mkulima mwenye safari 10 au 15 za mzigo kwa mwaka alinganishe gharama zote za gari na kukodi Canter pamoja na majirani siku ya kushusha mazao. Hakuna aibu katika kukodi.

Siku ya kulala ina bei yake

Katika hesabu za wengi, siku ambayo gari limelala gereji haiandikwi popote kwa kuwa hakuna fedha iliyotoka. Hilo ni kosa, na ukubwa wake hutegemea mzigo.

Tangawizi iliyokomaa inaweza kusubiri ardhini kwa siku kadhaa mpaka gari lipone. Maharage makavu husubiri ghalani. Nyanya, ndizi zilizokwisha kukatwa na maziwa havisubiri. Kwa hiyo mchuuzi wa nyanya anapaswa kuachana na gari linalosumbua mapema kuliko mfanyabiashara wa maharage, hata kama bili zao za gereji zinalingana.

Majira nayo yana uzito. Siku 10 za kulala wakati wa kiangazi, shamba likiwa tupu, si sawa na siku 10 za wiki za mavuno. Mwenye busara hupeleka gari kwa fundi kabla ya msimu, si katikati yake. Na kama ameamua kuliuza, huliuza likiwa bado linatembea. Gari lililowekwa juu ya mawe nyuma ya nyumba hununuliwa kwa bei ya skrepa, au hupasuliwa na kuuzwa spea mojamoja.

Ng'ombe kwa kesi ya kuku

Upo utani wa siku nyingi kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Ni utani tu, lakini kwenye gereji jambo hilo huwatokea watu wa makabila yote. Mtu ametumia milioni 2 kwa injini, kisha gia boksi inakufa, naye anasema hawezi kuacha sasa kwa kuwa amekwishatumia fedha nyingi. Hivyo anaongeza milioni nyingine.

Zile milioni 2 zimekwisha kwenda na hazirudi, gari likitengenezwa au likiuzwa. Swali sahihi ni je, fedha inayoombwa leo itanunua miezi mingapi ya kazi? Matengenezo ya shilingi milioni 2.4 yakilifanya gari lifanye kazi miaka 2 bila usumbufu, ni shilingi 100,000 kwa mwezi, na hiyo inaweza kuwa bei nzuri. Yakinunua miezi 4 tu, ni shilingi 600,000 kwa mwezi, na hapo ni heri kuliachia gari.

Kodi nazo zimebadilika kwa namna inayogusa uamuzi huu. Mwaka 2017 Serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari na kuongeza shilingi 40 kwenye ushuru wa kila lita ya mafuta. Gari linalokaa zaidi kuliko linavyotembea limepata nafuu. Gari linalokunywa mafuta mengi na kutembea kila siku limebebeshwa zaidi. Hiyo ni sababu nyingine ya mkulima wa safari chache kubaki na gari lake, na ya mchuuzi wa kila siku kulitazama upya.

Pasipo na mjadala

Kuna gharama moja isiyoingizwa kwenye hesabu ya faida. Tarehe 28 Juni 2025, katika eneo la Sabasaba wilayani Same, basi na basi dogo viligongana na kuwaka moto, na watu zaidi ya 35 wakapoteza maisha. Taarifa ya awali ya Serikali ilieleza kwamba tairi la mojawapo ya magari hayo lilipasuka. Msiba ule ulikuwa wa barabara kuu, lakini somo lake linapanda hadi milimani.

Tairi, breki, usukani na taa havisubiri mauzo ya msimu. Anayeshuka kutoka Mbaga na mzigo wa ndizi, breki zikiwa zimeisha, amekopa maisha ya watu asiowajua. Kama gari haliingizi fedha ya kutosha kununua tairi na pedi za breki kwa wakati, gari hilo limekwisha kujibu swali la kubadilishwa. Lisimamishwe.

La kufanya sasa

Kila mwenye gari anunue daftari na kuchora safu 5: tarehe na kilometa, mafuta, spea na ufundi, siku zilizolala, na mapato. Magari mengi ya zamani mita zake za kilometa zimekufa. Basi zihesabiwe safari, maana umbali wa Gonja hadi Same haubadiliki. Baada ya miezi 12 daftari hilo litasema jambo ambalo fundi na dalali hawawezi kusema.

Pamoja na daftari, uwepo mfuko wa gari. Kiasi kidogo kitengwe kila safari na kuwekwa SACCOS au VICOBA, badala ya kukaa kwenye droo. Mfuko huo ndio utakaolipa klachi bila kuuza mbuzi, na ndio utakaokuwa kianzio siku ya kubadilisha gari. Anayeuza ahakikishe kadi imehamishwa TRA kwenda kwa mnunuzi. Asipofanya hivyo, makosa ya mnunuzi barabarani yataendelea kusomeka kwa jina lake.

Vyama vya ushirika na vikundi vya kukopa navyo vina wajibu. Mkopo wa gari usitolewe kwa kuangalia shamba la dhamana tu, bali pia daftari la gari linaloachwa. Aliyeshindwa kuonyesha gari la milioni 6 lilimwingizia nini, hajaonyesha bado kwamba la milioni 24 litamlipa. TARURA na halmashauri nazo zijue kwamba barabara ya mlimani ikichongwa kabla ya masika, mamia ya springi na klachi huokolewa, na hizo ni fedha za wakulima.

Masika yakianza, mafundi wa Same na Mwanga watakuwa na kazi nyingi, na wenye magari watakuwa na maamuzi ya haraka. Maamuzi hayo ni bora yafanywe sasa, gari likiwa zima na akili ikiwa imetulia. Daftari la shule lina bei ndogo kuliko lita moja ya oili, na halihitaji fundi.